Injini Ikishushwa Bure

Tarehe 1 Novemba 2018 Subaru walitangaza kuyaita magari zaidi ya 400,000 duniani kote kwa sababu ya springi. Si springi za chini zinazobeba bodi, ni zile ndogo za kwenye injini, zinazoirudisha valvu mahali pake kila inapofunguka. Baadhi zilikuwa na chembe za uchafu ndani ya chuma chenyewe, na zilivyosanifiwa hazikuwa na akiba ya nguvu ya kuvumilia uchafu huo. Springi ingeweza kukatika gari likiwa barabarani, injini ikapiga kelele au ikazima.

Kwenye hesabu hiyo zilikuwamo Impreza, Forester na XV, na kigari kimoja kipenzi cha watu wa mbio: Subaru BRZ, pamoja na pacha wake Toyota 86, ambalo Marekani liliuzwa kwa jina la Scion FR-S. Yaliyoitwa ni yale ya mwanzo mwanzo, ambayo Marekani yalihesabika kuwa ya mwaka 2013. Injini yake, FA20, ni ya lita mbili na ina nguvu za farasi 200, ila nguvu hizo huzipati mpaka mshale ufike mizunguko 7,000 kwa dakika. Ndiyo maana wenye nayo huipeleka viwanjani. Barabarani hakuna mahali pa kuifikisha huko kwa amani.

Kubadili springi za valvu si kazi ya kutisha kwenye injini iliyosimama. Unafungua kifuniko cha juu, kamshafti hizi hapa, springi hizi hapa. Lakini FA20 imelala: silinda mbili zimetazama kushoto, mbili kulia, na zile hedi zimebanwa kwenye kuta za chesisi kiasi kwamba mkono haupiti. Kwa hiyo ili kubadili springi 16 ilibidi injini nzima ishushwe, kifuniko kikubwa cha mbele kinachofunika taiming cheni kibanduliwe, kamshafti zitolewe, springi zibadilishwe, kisha kila kitu kirudi kilikotoka. Mafundi wengi wa mawakala hawakuwa wamewahi kuifungua injini hiyo hata mara moja kabla ya wito ule.

Na kifuniko kile hakina gasketi. Kinazibwa kwa silikoni ya kwenye tyubu, inayokandamizwa ikaacha mstari mwembamba kuzunguka ukingo, kisha chuma kinabanwa juu yake. Mstari ukiwa mwembamba mno, oili inavuja. Ukiwa mnene, silikoni inasukumwa pande zote mbili. Ya nje unaiona, unaifuta. Ya ndani huioni. Inaganda kama utepe wa raba, na siku moja inabanduka na kuanguka kwenye sampu, ambako limekaa chujio ambalo pampu hunyonyea oili. Baada ya matengenezo yale kuanza, wenye magari kadhaa walijikuta na injini zilizonoki muda mfupi tu baada ya kutoka kwa wakala, na waliofungua sampu walikuta chujio limejaa vipande vya silikoni.

Sasa nije kwa kijana wetu. Jina lake tuliache. Ni Mtanzania, anafanya kazi hospitalini Minneapolis, na alikuwa na FR-S ya 2013 aliyoinunua mkononi mwa mtu. Wakati wa baridi gari lilikaa chini ya turubai. Kiangazi kikifika alilipeleka Brainerd, uwanja wa mbio ulio mwendo wa saa mbili na ushee kaskazini mwa mji, kwenye zile siku ambazo mtu yeyote mwenye helmeti na ada ya kiingilio anaruhusiwa kukimbiza gari lake. Alikuwa dereva mzuri kuliko alivyokuwa fundi. Alilijua hilo, ila hakulipa uzito wake.

Barua ya wito ilipofika, wengine waliipokea kwa kununa. Yeye aliipokea kama mwaliko. Kwa miaka miwili alikuwa akiota kuifungua injini ile na kuijenga upya: pistoni za kufuliwa badala ya zile za kumiminwa kiwandani, konrodi nene zaidi, beringi mpya, pampu ya oili mpya. Kilichokuwa kikimzuia ni gharama. Spea zilikuwa maelfu ya dola, na juu yake kuna saa za fundi za kuishusha na kuipandisha. Sasa kampuni yenyewe inasema tuletee gari, tutaishusha bila senti yako moja. Nusu ya safari imelipiwa, kwa nini asimalizie?

Alimpigia simu mjomba wake mwenye gereji Moshi. Ninavyofahamu mazungumzo yale hayakuwa marefu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Za baridi?"

Akamweleza: wito, springi, bure, pistoni. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuuliza kama anavyomuuliza dereva wa Fuso aliyeegesha mlangoni.

"Inakula oili?"

"Hapana, mjomba."

"Inatoa moshi?"

"Hapana."

"Inagonga?"

"Haigongi. Iko vizuri."

"Kompresheni umepima?"

Kimya kidogo. "Bado."

"Sasa unafungua nini?"

"Mjomba, wanaishusha bure."

"Na kupandisha?"

"Nako bure, wakimaliza wao."

"Basi waache wamalize wao."

Kijana alikata simu akiwa amekereka. Mjomba wake ni fundi wa malori, alijisemea. Anajua nini kuhusu injini inayozunguka 7,000? Na kusema kweli, mjomba hakuwa akijua habari za silikoni wala za uwanja wa Brainerd. Hata hivyo maswali yake manne hayakuhitaji kujua lolote kati ya hayo. Injini ya lori na injini ya mbio zinaugua kwa dalili zilezile, na isiyo na dalili inapimwa kwanza kabla ya kufunguliwa.

Kule kwa wakala meneja wa huduma alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia mambo mawili. La kwanza, wito unalipia springi na saa za kazi ya springi basi. Chini ya hapo, kwenye pistoni na konrodi, ni mfuko wako. Waranti ya injini ya gari lile ilikuwa ya miaka mitano au maili 60,000, na yote mawili yalikwishapita. La pili, hawafungi spea zisizo za kampuni ndani ya injini. Wangekubali kumwekea klachi mpya kwa kuwa giaboksi lingekuwa wazi, na hilo lilikuwa jambo la maana. Wengi walilifanya na hawakujuta. Pistoni, hapana.

Mtu mwingine angekubali klachi akaenda zake. Kijana alirudi kesho yake na pendekezo: wao wafanye springi, wafunge juu, lakini injini wasiipandishe. Wampe juu ya palati, gari alibebe kwa trela, na gereji ya mbio iliyoko upande wa pili wa mji iendelee kutoka hapo. Meneja alisita. Halafu akaona kwamba fundi wake angeokoa saa kadhaa, na msururu wa FR-S ulikuwa bado mrefu uani. Akachapa karatasi.

Karatasi ile ilikuwa na mistari michache. Ilisema kazi ya wito imefanyika na kuandikishwa. Ilisema pia kwamba injini inatoka bila kuwashwa na bila kujaribiwa, kwa ombi la mwenye gari, na kwamba wakala hatawajibika kwa sehemu yoyote itakayofunguliwa baadaye na mtu mwingine. Kijana alisaini akiwa amesimama, ufunguo wa trela mkononi.

Ningependa kumzuia msomaji hapa kidogo, maana makosa ya kiufundi yanayofuata si makubwa kama sahihi ile. Mpaka dakika hiyo alikuwa na mdaiwa mmoja. Kama injini ingefungwa na wakala, ikawashwa na wakala, ikatoka getini inatembea na baadaye ikagonga, lingekuwepo jina moja la kutajwa. Angebishana nao, angengoja, pengine angeandika barua nne, lakini angejua mlango wa kugonga. Wapo walioupata msaada kwa njia hiyohiyo, wakapewa injini nyingine. Kwa sahihi yake akaugawa mlango ule katikati, na kila nusu ikabaki na mtu anayeweza kuinyooshea kidole nusu nyingine.

Gereji ya mbio walifanya kazi yao. Ili kuingiza pistoni mpya ni lazima hedi zitoke, na ili hedi zitoke ni lazima kile kifuniko cha mbele kilichofungwa siku chache tu zilizopita kifunguliwe tena. Silikoni ya wakala ikakwanguliwa, yao ikapakwa. Wakaweka pistoni, konrodi, beringi, pampu. Zile za zamani wakamrudishia kwenye boksi la kadibodi, kila beringi imefungwa kwa karatasi na kuandikwa namba ya silinda yake. Kwa hilo nawasifu, kwani gereji nyingi hutupa.

Injini iliwaka vizuri. Aliitembeza polepole ili ringi zikae, akamwaga oili ya kwanza, akaweka nyingine. Siku yake ya kwanza uwanjani ilikwenda salama. Siku ya pili, kwenye kona ndefu ya kulia, taa ya oili ilimulika ikazimika. FA20 inajulikana kwa hilo: ukishikilia kona ya kulia kwa muda mrefu oili inakimbilia upande na presha inashuka. Ndivyo alivyojiambia. Raundi mbili mbele taa ikamulika tena, na safari hii haikuzimika, kisha kutoka chini pakaanza kusikika mlio ambao kila fundi wa Afrika Mashariki anaujua hata akiwa usingizini. Ngo, ngo, ngo, unaopanda na kushuka na mguu wa mafuta. Imenoki.

Walipoifungua sampu chujio lilikuwa limezibwa zaidi ya nusu. Vipande vya kijivu, vingine vyembamba kama kucha iliyokatwa, kimoja kirefu na kimejikunja, kingali na alama ya ukingo wa chuma kilikokuwa kimeng'ang'ania. Beringi ya konrodi moja ilikuwa imeyeyuka na kuzunguka kwenye kiti chake, na krenkshafti ikawa na mkwaruzo ambao ukucha uliukwamia.

Silikoni ya nani?

Wakala walisema: sisi tulifunga, ninyi mkafungua. Kilichokuwamo kilikuwa wazi mbele yenu, kwa nini hamkukisafisha? Na karatasi ndiyo hii. Gereji walisema: tulikwangua kingo zote, lakini vipande vilivyokwisha kuingia kwenye njia za oili za kamshafti hatungeweza kuviona, na hivyo ni vya wakala. Rangi haikusaidia, maana zote mbili zilikuwa kijivu. Na hata mtu wa tatu hakuweza kuondolewa kwenye orodha, yaani kiwanda. Miaka michache baadaye GR86 ya 2022 ilipotoka, wenye magari mapya kabisa walifungua sampu wakakuta silikoni kwenye chujio, na hakuna wakala wala gereji aliyekuwa amegusa kitu.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 kuhusu waranti inamlinda mnunuzi asinyimwe haki eti kwa sababu tu ameweka spea ya kampuni nyingine. Kijana aliitaja sana. Lakini sheria hiyo inalinda waranti iliyo hai, na yake ilikuwa imekufa kabla ya barua kufika. Kilichobaki kilikuwa ni kazi ya wito, na kazi ya wito alikuwa ameichukua juu ya palati.

Nafika kwenye lile boksi la kadibodi. Akitafuta ushahidi wowote, kijana alizipeleka beringi za zamani kwa mtu wa lathi mwenye vipimo. Nafasi ya oili kati ya beringi na shafti ni ndogo kuliko unene wa unywele, kwa hiyo jicho haliwezi kuamua. Ni lazima zipimwe. Zilipimwa zote nne. Zilikuwa ndani ya kipimo cha kiwanda, na uso wake haukuwa na hata mchubuko. Ile injini aliyoijenga upya haikuhitaji kujengwa.

Simlaumu kwa kutamani. Anayekimbiza gari uwanjani anatumia injini kwa namna ambayo mwenye kwenda nalo kazini hawezi kuielewa, na zipo FA20 ambazo kuzifungua wakati wa wito ndiyo ingekuwa akili. Inayokula oili kati ya badiliko moja na jingine. Inayotofautiana kompresheni kati ya silinda na silinda. Ile ambayo ukipasua filta yake ya oili na kuikunjua karatasi juani unaona vimeta vya beringi. Ukiwa na mojawapo ya hizo, springi mpya juu ya chini mbovu ni kupaka rangi nyumba inayobomoka, na mwenye nayo angefanya vyema kumwambia wakala mapema, kabla gari halijafunguliwa.

Lakini hizo ni habari unazozipata injini ikiwa bado iko ndani ya gari. Kupima kompresheni ni kazi ya asubuhi moja. Kupima uvujaji kwa kusukuma upepo kwenye silinda ni asubuhi nyingine. Sampuli ya oili inatumwa maabara kwa posta kwa bei ya chakula cha jioni. Kijana alikuwa na miezi mitatu kati ya barua na miadi, theluji nje na gari chini ya turubai, na hakufanya hata kimoja kati ya vitatu, kwa sababu bei ya kushushiwa injini ilikuwa imeshamjibia swali.

Kama angeniuliza mimi, na hakuniuliza, ningesema achukue springi na klachi, gari litoke kwa wakala likitembea kwa miguu yake. Aliendeshe kilomita mia chache barabarani, bila mbio. Kisha amwage oili, ashushe sampu, achungulie chujio kwa tochi na kupiga picha akilikuta lina chochote, na picha ziende kwa wakala siku hiyohiyo wakati jina kwenye risiti bado ni moja. Sampu ya FA20 nayo imezibwa kwa silikoni, kwa hiyo hata ukaguzi huo unataka mkono msafi. Pistoni za kufuliwa haziozi. Zingesubiri rafuni mpaka injini iseme yenyewe, au mpaka apate injini ya pili ya mkononi aijenge pembeni kwa raha zake huku ya kwanza ikiendelea kukimbia.

Wapo waliochagua njia ya tatu, ya kutokwenda kabisa. Waliogopa silikoni kuliko springi. Nawaelewa, ila siwaungi mkono: springi ikikatika kwenye mizunguko 7,000, valvu inaweza kukutana na pistoni, na hapo hutazungumzia beringi tena. Wakala wa kuaminika yupo, na fundi wa kuaminika pia. Unamuuliza tu ameshafanya ngapi, na ngapi zimerudi.

Habari hii ina mkia unaotuhusu huku kwetu. Toyota 86 na BRZ za Japani za miaka ileile zilishuka Mombasa, maana sheria ya Kenya inaruhusu gari lisilozidi miaka minane, nazo zilikuwa bado ndani ya umri huo wito ulipotangazwa. Wito wa Japani ulifuata gari lililoandikishwa Japani. Gari likishapanda meli, barua haimfuati mnunuzi. Namba ya chesisi inayoanza na ZN6 kwa Toyota, au ZC6 kwa Subaru, inaweza kutafutwa kwenye tovuti ya kampuni Japani kuona kama springi zilibadilishwa. Muuzaji akikuambia hajui, mwombe namba hiyo utafute mwenyewe. Na kama zilibadilishwa, uliza sampu ilishushwa lini baada ya hapo.

Kijana alinunua injini ya gari la 2016 lililogongwa nyuma. Muuzaji alitaka hela Ijumaa. Yeye akasema atalipa Jumatatu, akishapima kompresheni.